Fumbo Lasitiri Maana, Malenga Nani Amsitiri?

Wahakiki wetu wamezoea kulisifu fumbo kuwa ni ngao ya malenga. Mtawala akitega sikio husikia habari za mnazi, za chombo au za mamba, wajuao hujua. Sifa hiyo ni ya haki, lakini yataka kupimwa upya katika zama hizi ambapo tungo hazisafiri tena kwa khati ya mkono, bali kwa simu na intaneti. Fumbo husitiri maana ya shairi. Halimsitiri aliyelitunga wala aliyepelekewa.

Tumtazame Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa waraka wa kisiasa, "Kenya: Twendapi?", ulioandikwa kwa lugha ya wazi. Tungo zake za gerezani zilichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Tulisomapo shairi la "Mamba" twashangilia ufundi wa kumvika mtawala ngozi ya mnyama, tukasahau kuuliza shairi lenyewe liliokoka vipi. Tungo hizo ziliandikwa kwenye karatasi za chooni, kwa siri, mbali na macho ya askari. Kabla fumbo halijafanya kazi yake, palihitajika kwanza sitara ya karatasi.

Sitara hiyo ndiyo inayotutoka. Mwezi wa Juni 2013, nyaraka zilizofichuliwa na Edward Snowden zilionyesha kuwa mahakama ya siri ya Marekani iliiamuru kampuni ya Verizon ilikabidhi shirika la ujasusi la NSA, kila siku, kumbukumbu za simu za wateja wake. Hayakuwamo maneno yaliyozungumzwa; zilikuwamo nambari za mpigaji na mpigiwa, saa ya simu na muda wake. Wapo waliojifariji kuwa hakuna aliyesikilizwa. Mwaka 2015 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kuukomesha ukusanyaji huo wa jumla, lakini somo lake kwa washairi lingalipo. Mwenye orodha ya namna hiyo hana haja ya kumjua mamba ni nani. Yamtosha kujua nani alimpelekea nani, saa ngapi, na mara ngapi.

Wazee walisema: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Hawakuwahi kukutana na msikilizaji wa tatu, ambaye hana haja ya kugangua chochote, kwani kazi yake ni kuhesabu tu.

Atakayepinga atasema kuwa nasi leo tuna fumbo la hesabu. Mwaka 2016 WhatsApp ilikamilisha mpango wa kuzifunga jumbe zote ili asizisome yeyote ila mpelekaji na mpokeaji. Hiyo ni kinga kubwa, wala si ya kubezwa. Hata hivyo, ina upungufu uleule wa fumbo la malenga: maneno yamefungwa, lakini njia yaliyopita yaweza kujulikana. Nchini Tanzania, tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Sababu iliyotolewa ni kuzuia uhalifu, nayo ina uzito. Lakini matokeo yake ni kwamba kila beti ipitayo kwenye laini hiyo hubeba kidole cha mwenyewe.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 yaahidi hifadhi ya maskani ya mtu na ya mawasiliano yake binafsi, ikiyataja mawili hayo pamoja. Msomaji wa mashairi asiupite ujirani huo wa maneno: mawasiliano ni nyumba, na kwetu nyumba ya mtu haiingiwi bila ya hodi. Ibara hiyohiyo yaruhusu sheria iweke namna na kiasi cha kuingiliwa faragha. Hapo sheria ndiyo hodi, na raia ana haki ya kuuliza inapigwa lini, na nani, na mbele ya hakimu gani.

Tungo nyingi za pwani, za mapenzi na za wasia, hutungwa kwa ajili ya msikilizaji mmoja. Hazina uasi wowote wa kuficha, ila zina mwenyewe. Tukilisifu fumbo tu, twamwachia malenga ajilinde kwa ufundi wake, hali ulinzi huo ni haki yake hata akisema wazi. Mhakiki amsifuye aliyejificha vyema na aulize pia ni nani aliyemlazimisha kujificha.