Kale na Kikale: Istilahi za Michezo ya Kompyuta Yenye Sura ya Zamani

Katika makala haya tunakusudia kupima istilahi zinazohusu aina moja ya michezo ya kompyuta ambayo imeenea sana tangu miaka ya 2000. Hiyo ni michezo inayotungwa na mtu mmoja au kikundi kidogo, nje ya makampuni makubwa, na ambayo kwa makusudi huvaa sura ya michezo ya miaka ya 1980 na kufuata kanuni zake za uchezaji. Mfano tutakaoutumia zaidi ni Shovel Knight, uliotolewa mwaka 2014 na kikundi cha Marekani kiitwacho Yacht Club Games. Pamoja nao tutaitazama michezo mingine miwili, Undertale wa mwaka 2015 na Celeste wa mwaka 2018.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba jambo hili ni la watoto na halistahili nafasi katika kurasa hizi. Sisi hatuoni hivyo. Michezo hii ina maneno mengi ya kufasiriwa. Vijana wanaoicheza wamo madarasani mwetu. Na mtumishi wa idara ya utamaduni, ya hakimiliki au ya kodi aweza siku yoyote kutakiwa kuitaja katika hati rasmi. Tena, kosa la istilahi hapa si kosa la matamshi tu, bali ni kosa la hukumu. Jina likikosewa, kazi ya sanaa huhesabiwa kuwa kifaa kilichopitwa na wakati, na ustadi wa mtunzi huhesabiwa kuwa upungufu wa mashine.

MASHINE NA MIPAKA YAKE

Ili hoja yetu ieleweke, yafaa tuanze na mashine yenyewe. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa huko Japani mashine ya michezo iitwayo Famicom, ambayo tangu mwaka 1985 iliuzwa Marekani kwa jina la NES. Kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa kilobaiti 2. Picha yake ilikuwa na pikseli 256 kwa upana na 240 kwa kimo. Vitu vinavyotembea katika picha, kama vile shujaa, adui na risasi, vilichorwa kwa vipande vidogo visivyozidi 64 kwa wakati mmoja, wala visivyozidi 8 katika mstari mmoja. Vikizidi hapo, vingine havikuonekana. Hivyo watunzi walivionyesha kwa zamu, na ndiyo maana picha ilipepesa. Kila kipande kilikuwa na rangi 3 tu, na sauti zote zilipita katika njia 5.

Mipaka ya namna hii ndiyo iliyozaa sura tunayoitambua leo. Shigeru Miyamoto alimpa Mario kofia na masharubu, katika mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, kwa kuwa nywele na mdomo vilikuwa vigumu kuonyeshwa kwa pikseli chache. Sura hiyo, basi, ilitokana na shida iliyopatiwa dawa.

Shovel Knight haukuwa na shida hiyo. Ulitungwa kwa mashine za karne hii zenye uwezo mkubwa kupita kiasi cha mahitaji yake. Mwaka 2013 watunzi wake waliuomba umma mchango wa dola 75,000, wakapata zaidi ya dola 311,000. Walipoumaliza walieleza hadharani ni mipaka ipi ya NES waliyoishika na ipi waliyoivunja. Picha waliipanua ikawa na pikseli 400 kwa upana, kupepesa walikuondoa, mandhari ya nyuma waliyapanga kwa tabaka zinazosogea kwa mwendo tofauti, na juu ya rangi za mashine ya kale waliongeza nyingine chache. Muziki wa Jake Kaufman ulifuata sauti za mashine hiyo pamoja na zile za kipande cha VRC6, ambacho kampuni ya Konami ilikitia katika baadhi ya katriji zake za Japani. Tungo mbili ziliandikwa na Manami Matsumae, aliyetunga muziki wa Mega Man wa mwaka 1987.

Kwa maelezo hayo ni dhahiri kwamba tunatazama kazi mpya ambayo imeuchagua ukale, ikachukua kiasi ilichokitaka na kuacha kilichobaki. Istilahi isiyoweza kuonyesha uchaguzi huo haitufai.

KALE NA KIKALE

Mfasiri anayetafuta neno la sifa hii ana njia tatu mbele yake. Anaweza kukopa neno "retro", lenye asili ya Kilatini na maana ya "nyuma". Anaweza kutumia "-a kizamani". Au anaweza kutumia "-a kale".

Mkopo wa "retro" haupingani na matamshi yetu, kwani tayari tunasema "metro" na "petroli". Kasoro yake ni kwamba haumwelezi chochote msomaji asiyejua lugha za Ulaya, ilhali Kiswahili kina mali ya kutosha kwa jambo hili. Neno "kizamani", kwa upande wake, limejengwa vizuri kisarufi, lakini matumizi yamelitia dharau. Tukisema "mawazo ya kizamani" tunakusudia mawazo yanayopaswa kuachwa. Mwalimu atakayewaambia wanafunzi kwamba Celeste ni mchezo wa kizamani atakuwa ameukataa kabla ya kuueleza. Nalo "-a kale" ni la uongo: mchezo wa kale ni ule uliotungwa zamani, kama Mega Man. Hati ya hakimiliki ikiuita Shovel Knight mchezo wa kale, msomaji wake atautafuta miongoni mwa kazi za miaka ya 1980.

Lakini sarufi yetu yenyewe inatupa ufumbuzi. Kiambishi "ki-" cha namna hutenganisha kitu na mfano wake. Kiti cha mfalme ni mali ya mfalme, lakini kiti cha kifalme chaweza kuwa sebuleni mwa mtu yeyote mwenye fedha. Maneno ya mtoto hutoka kinywani mwa mtoto, lakini maneno ya kitoto hutoka hata kwa mzee. Vivyo hivyo mchezo wa kale ulitungwa zamani, na mchezo wa kikale umetungwa kwa namna ya zamani. Herufi mbili zinatosha kubeba hoja yote tuliyoieleza hapo juu.

Ipo pingamizi moja ambayo hatuna budi kuijibu. Wataalamu wa fasihi wamekwisha kulitumia neno "kikale" kwa lugha na tungo ambazo kweli ni za zamani. Tunakubali. Hata hivyo, wao hulitumia kwa lugha na sisi tunalitaka kwa michezo ya kompyuta, na sioni rahisi nyanja hizo mbili kuchanganyika katika sentensi moja. Tukilikataa kwa sababu hiyo, itatubidi kukataa nusu ya istilahi zetu zote.

Ushahidi mzito zaidi tunaupata katika programu iitwayo PICO-8, iliyotolewa na Joseph White mwaka 2015. Hiyo ni mashine ya kubuni: ina skrini ya pikseli 128 kwa 128 na rangi 16, lakini haikupata kuwako kiwandani wala dukani. Mipaka yake haikurithiwa kutoka popote, bali iliwekwa na mtu ili watunzi wabanwe nayo. Celeste ulianzia humo, ukiwa mchezo mdogo uliotungwa na Maddy Thorson na Noel Berry kwa siku 4. Je, mchezo wa mashine isiyopata kuwako waweza kuitwa wa kale? La hasha. Lakini wa kikale waweza.

UCHEZAJI WA KIMAPOKEO

Sura ni jambo moja, na kanuni za uchezaji ni jambo jingine. Aghalabu mambo haya mawili hufungwa pamoja katika jina moja, na hapo ndipo uhakiki unapopotea. Kwa kanuni za uchezaji tunapendekeza neno ambalo wahakiki wa ushairi wametulimia shamba lake: "kimapokeo".

Wasomaji wanakumbuka mjadala uliozuka baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, kuhusu mashairi yasiyofuata vina na mizani. Kabla ya hapo, mshairi aliyetunga tarbia yenye mizani 16 kwa mstari alifuata njia iliyozoeleka. Baada ya hapo, kila atungaye tarbia ameichagua. Mtunzi wa mchezo wa kikale yumo katika hali hiyo hiyo, na yafaa apimwe kwa kipimo hicho hicho: je, arudhi aliyoichagua inamsaidia kusema jambo, au ni pambo tu?

Tukiitazama michezo yetu mitatu kwa kipimo hiki, tunaona tofauti ambazo sura peke yake huzificha. Katika michezo mingi ya NES mchezaji hupewa roho chache, na zikiisha huanza upya. (Tunatumia "roho" na si "maisha", kwa kuwa Kiswahili husema mtu mgumu kufa ana roho ya paka.) Shovel Knight umeondoa hesabu ya roho. Anayekufa hudondosha sehemu ya fedha zake mahali alipofia, na akifika tena aweza kuziokota. Hata taa zinazomwonyesha pa kuanzia upya aweza kuzivunja kwa hiari ili apate hazina, akikubali hatari ya kurudi mbali zaidi. Ugumu wa kale umegeuzwa kuwa mapatano kati ya mchezo na mchezaji. Huo ndio ubora wake mkubwa kuliko rangi zake.

Celeste huua mchezaji mara nyingi mno, lakini humrudisha papo hapo katika chumba kile kile, tena una njia ya msaada inayomruhusu kupunguza mwendo wa mchezo au kutokufa kabisa. Kuruka na kukwepa miiba ni mapokeo. Adhabu ndefu ya mapokeo imekataliwa.

Undertale, uliotungwa karibu wote na Toby Fox, umechukua vita vya zamu za kuchagua amri, kisha ukaruhusu mchezaji amalize safari bila kuua yeyote. Ndani yake mna tatizo la kufasiri ambalo kila mfasiri angepaswa kulijua. Amri ya kuweka kumbukumbu ya mchezo, katika Kiingereza, ni neno lile lile lenye maana ya kuokoa, na katika pambano la mwisho la amani amri hiyo hugeuka kuwa tendo la kuwaokoa wenzake mchezaji. Mfasiri atakayeandika "okoa" tangu mwanzo atakuwa na neno geni kwa kazi ya kuweka kumbukumbu. Lakini "hifadhi", ambalo limezoeleka katika programu za kompyuta, ndilo lile lile tunaloombea dua: Mungu akuhifadhi. Neno letu linabeba maana zote mbili bila kulazimishwa. Hapa istilahi iliyozoeleka imeshinda tafsiri sisisi.

HURU, HURIA NA KUJITEGEMEA

Sasa tutazame sifa ya pili, ile ya kutungwa nje ya makampuni makubwa. Wengi watakimbilia neno "huru", lakini neno hilo limebeba mizigo mingi. Mashairi huru ni yale yasiyofungwa na arudhi, na michezo tunayoizungumzia imejifunga kwa arudhi ngumu. Tukiiita "michezo huru" tutasema kinyume cha jambo. Neno la jirani yake, "huria", limekwisha kutwaliwa na programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Hata siasa haikubaliani: Kenya husema "mgombea huru", Tanzania husema "mgombea binafsi".

Tunaona "kujitegemea" ndilo lenye nguvu, kwa kuwa msomaji wa Afrika Mashariki analijua tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 kuwa ni habari ya mtaji na ya nani mwenye maamuzi. Lakini anayejitegemea ni mtu, si mchezo. Basi tuseme "mchezo wa mtunzi anayejitegemea", hata kama jina ni refu. Wala tusilifunge jina hili na udogo wa kazi au na utoaji wa bure. Daisuke Amaya alitunga Cave Story peke yake kwa takriban miaka 5, akautoa bure mwaka 2004. Shovel Knight uliuzwa tangu siku ya kwanza. Yote miwili ni ya watunzi wanaojitegemea.

PIKSELI, BITI NA KISANAMU

Hapa tutapita kwa haraka. "Nukta" haifai badala ya "pikseli", maana nukta haina pembe, na sanaa yote hii imesimama juu ya pembe. Anayetaka kuifafanua darasani na amwonyeshe mwanafunzi mkeka wa ukindu: mapambo yake hupanda kwa ngazi, kwa kuwa msukaji hana njia ya kupindisha mstari ila kwa kuhesabu miwaa.

"Biti 8" ni kipimo cha mashine, wala si jina la mtindo. NES ilikuwa ya biti 8; Shovel Knight si wa biti 8. Na vile vipande vidogo vinavyotembea katika picha tuviite "visanamu", kwani mfasiri atakayefuata kamusi ya kawaida kwa jina lake la Kiingereza ataishia kwenye pepo.

MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Mchezo wa kale: mchezo uliotungwa zamani kwa mashine za zamani.

Mchezo wa kikale: mchezo mpya uliochagua sura ya zamani.

Uchezaji wa kimapokeo: uchezaji unaofuata kanuni zilizorithiwa, iwe sura ni ya kikale au sivyo.

Mchezo wa mtunzi anayejitegemea: mchezo ambao mtaji na maamuzi yake hayako mikononi mwa kampuni kubwa.

Mashine ya kubuni: programu inayoiga mashine ambayo haikupata kuwako.

Roho, hifadhi, pikseli, biti, kisanamu: kama ilivyoelezwa hapo juu.

Vijana husema "gemu", nasi hatuna ugomvi na neno hilo mitaani. Katika hati tungependa "mchezo wa kompyuta". Tunawaomba wafasiri na walimu wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao na kutuletea sentensi ambamo zimeshindwa, kwa kuwa sentensi hizo zitatusaidia zaidi kuliko sifa.