Kina Mama wa Jumuiya

Tangu maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976, wakaazimia kuzipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo daraja la kwanza katika uchungaji wao, yamenenwa mengi juu ya sala zake. Lakini ni nadra kusikia habari za wale kina mama ambao, mtu akifariki usiku, hufika msibani kabla jua halijachomoza, huyu na mzigo wa kuni, huyu na sufuria, wala hakuna aliyewaita. Mhazini wao mmoja nimfahamuye huandika mchango wa mia tano wa mjane kwa hati ileile aandikiayo elfu kumi ya tajiri, kisha hulifunga daftari asilisome hadharani, ili asiye nacho asifedheheke. Na hiyo, kwa rai yangu, ni adabu adhimu. Matanga yakiisha na wageni wakitawanyika, wao hurejea kwa mgonjwa asiyeinuka kitandani: humwogesha, humgeuza ubavu asipate vidonda, hufua mashuka yaliyochafuka, kazi ambayo hata ndugu wa damu huikwepa, nao huishika kwa zamu, pasipo ujira, ndipo waende shambani.