Biti Inayolijua Pigo

Muziki wa video ya kombo hutungwa kwa ajili ya mwendo uliokwisha kutokea. Shabiki wa gemu la kupigana amefanya mazoezi mpaka vidole vikazoea, ameunganisha ngumi, teke na rusho hadi mpinzani akakosa hata nafasi moja ya kujikinga, amerekodi, kisha amekata vipande na kuvipanga. Hapo ndipo mtunzi anapokabidhiwa picha na kutakiwa aitafutie sauti. Hawezi kuliahirisha teke wala kuliwahisha. Alicho nacho ni sikio la kusoma mwendo wa mtu mwingine, na kipaji cha kuutungia muziki ambao, ukishawekwa, utaonekana kama ndio uliowaongoza wapiganaji tangu mwanzo. Kazi yenyewe ni ya hiari, hulipwa kwa nadra, na ni miongoni mwa fani safi kabisa za utunzi zilizopo leo.

Kombo yenyewe, yaani huo mfululizo wa mapigo yasiyoachia nafasi ya kujikinga, ilizaliwa bila kukusudiwa. Wakati Street Fighter II, gemu la kampuni ya Capcom ya Japani lililotoka mwaka 1991, likiwa bado linatengenezwa, mtayarishaji wake Noritaka Funamizu alikuwa akikagua hatua ya ziada ambamo mchezaji huvunja gari. Akagundua kwamba pigo la pili linaweza kuingia kabla la kwanza halijaisha. Ilikuwa kasoro ya programu. Waliiacha ibaki kama siri ndani ya mchezo, wachezaji wakaifukua, na magemu ya kupigana yaliyofuata yakajengwa juu yake. Tekken 3, iliyotoka kwa PlayStation mwaka 1998 na ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki waliijulia vibandani, ilimleta Eddy Gordo, mpiganaji wa capoeira, sanaa ya Brazili inayochezwa kwa ngoma na uta wa berimbau. Kwa mpiganaji huyo mwili na muziki vilikwisha kuwa kitu kimoja kabla mtunzi wa video hajagusa kinanda.

Muziki wa ndani ya gemu hauwezi kufanya kazi hii, hata uwe mzuri namna gani. Yoko Shimomura, aliyetunga sehemu kubwa ya muziki wa Street Fighter II, aliwapa wapiganaji tuni ambazo mashabiki wanazikumbuka hadi leo, lakini alitunga bila kujua mchezaji atapiga nini wala lini. Tuni inazunguka na kurudi mwanzo. Mpiganaji akikaribia kushindwa, inaongeza kasi. Zaidi ya hapo muziki unakwenda zake na ngumi zinakwenda zake. Mtunzi wa video ya kombo anajua kila kitu mapema: pigo lipi ni la kumi na moja, lipi linamrusha mtu juu, lipi linamaliza. Uhuru wake ni mdogo kuliko wa Shimomura, ila anajua mengi zaidi, na utunzi wake wote unatokana na kujua huko.

Kwa watu wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, mfano wa karibu wa utunzi wa aina hii uko kwenye uwanja wa mganda. Ngoma hii ya wanaume, inayochezwa na Wanyasa wa mwambaoni na Wamatengo wa milimani, ni ya ukoo wa beni, ngoma iliyoanza katika miji ya Waswahili ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara pamoja na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, nchini Malawi, wanacheza mganda pia, na ndugu yake malipenga. Kilichochukuliwa kwa askari ni gwaride: safu zilizonyooka, mguu unaoinuka pamoja, kugeuka kwa amri moja, nguo zilizopigwa pasi. Kilichobadilika ni kusudi. Kwata la kambini linataka miguu itii; mganda unataka miguu ipendeze.

Ala zake ni chache na zinastahili kutazamwa vizuri. Kuna ngoma kubwa, na kuna vibuyu vilivyokatwa na kutobolewa, tundu likazibwa kwa utando wa buibui. Mchezaji huimba ndani ya kibuyu, utando unatetema, na sauti yake inatoka ikiwa na mkwaruzo wa tarumbeta. Vibuyu vidogo hubeba sauti za juu, vikubwa huvuma chini. Vikiimbwa pamoja inapatikana bendi nzima ya shaba bila kipande cha shaba. Ni uvumbuzi wa hali ya juu, na haujapewa heshima inayoustahili katika vitabu vya muziki vya shule zetu.

Mtunzi wa mganda hutunga akiwa na hatua mbele ya macho yake. Kikundi kikibuni mgeuko mpya, wimbo hukatwa au kuongezwa mpaka dundo kubwa liangukie pale mguu unapokanyaga. Vijiji vinapokutana kushindana, jicho la mtazamaji hukimbilia hapo hapo, kwenye ule mkutano wa dundo na mguu. Tofauti na video ni moja, nayo ni kubwa: uwanjani mpiga ngoma akichelewa kidogo, safu inaweza kumsubiri. Kwenye skrini hakuna anayesubiri, kwa hiyo mtunzi analazimika kuhesabu.

Picha ya gemu la kupigana kwa kawaida huenda kwa fremu 60 kwa sekunde. Dakika moja ina fremu 3,600. Zikigawanywa kwa idadi ya madundo kwa dakika, jibu ni urefu wa dundo moja. Kasi ya 120 inatoa fremu 30, ya 100 fremu 36, ya 150 fremu 24. Kasi ya 128, inayopendwa sana kwenye muziki wa klabu, inatoa fremu 28 na moja ya nane. Hiyo moja ya nane ina madhara. Mtunzi akiipuuza na kupanga kwa 28 kamili, kila madundo manane anateleza fremu moja, na dakika ikiisha amekosana na picha kwa fremu 16, zaidi ya robo ya sekunde. Mtazamaji hatajua kilichoharibika, ila atahisi kwamba ngumi haina nguvu.

Namba 36 na 24 zina fadhila nyingine. Zote mbili hugawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita bila baki. Ngoma za ukanda huu hupenda kuweka tatu juu ya mbili, mkono mmoja ukitembea na mwingine ukivuta; kwa kasi ya 100 au 150, mikono yote miwili huangukia fremu kamili. Kasi ya 120 inaziweza mbili na tatu, ila si nne, kwani robo ya fremu 30 ni saba na nusu. Wachora katuni walikutana na hesabu za namna hii mapema: Steamboat Willie ya Walt Disney, iliyoonyeshwa Novemba 1928, ilipangwa kwa metronomu, madundo yakilinganishwa na picha 24 za kila sekunde.

Gemu lenyewe humsaidia mtunzi. Pigo linapotua, wapiganaji wote wawili huganda kwa fremu chache ili jicho lihisi uzito wake, na katika magemu mengi pigo zito hugandisha kwa muda mrefu kuliko jepesi. Mgando huo ndio kiti cha noti. Lakini si kila kiti kikaliwe. Anayeanza kazi hii huweka ngoma chini ya kila ngumi, na video nzima ikasikika kama cherehani. Fundi huchagua. Huacha ngumi nyepesi zipite juu ya mdundo zikiwa na mwendo wao, kama miguu ya mganda inavyojaza nafasi kati ya madundo makubwa, kisha hukutana na picha pale penye jambo: mpinzani anaporushwa juu, anapodakwa hewani, anapoanguka. Wakati mtu yuko hewani besi huondolewa, kibaki kinanda peke yake au sauti ya mtu, na besi hurudi mgongo unapogusa ardhi. Hakuna sehemu ya utunzi huu iliyo tamu kama hiyo. Kabla ya pigo la mwisho ukimya wa dundo moja unatosha. Ukiwa mrefu zaidi, mtazamaji anaanza kudhani video imekwama.

Suala la mtindo halina sheria, ingawa Tanzania ina hazina ambayo watunzi wa kwingine hawana. Singeli, iliyokulia Manzese na Tandale jijini Dar es Salaam, huenda kwa madundo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa 240, dundo moja ni fremu 15, robo kamili ya sekunde, muda unaokaribiana na nafasi kati ya ngumi nyepesi zinazofuatana. Muziki ambao wengine huuona wa haraka kupita kiasi unakaa sawasawa juu ya mikono ya mpiganaji.

Kazi inaweza kufanyika popote penye kompyuta na umeme, Mbinga mjini au Mbamba Bay. LMMS na Audacity ni programu za bure. FL Studio imezoeleka kwa maprodyuza wa Bongo Fleva. Kibuyu cha mganda kikirekodiwa hata kwa simu katika chumba chenye mazulia na nguo nyingi hutoa sauti isiyopatikana kwa urahisi katika maktaba za sauti za kununua. Kinachotakiwa ni kukipangia nafasi, kwa sababu mkwaruzo wake unakaa pale pale inapokaa milio ya ngumi na miguno ya wapiganaji. Ngoma ishike chini, kibuyu kijibu mlio wa pigo ukishapita. Na upimaji wa mwisho ufanyike kwa spika au visikizi vya waya: vile vya bluetooth huchelewesha sauti, na mtunzi akiviamini atarekebisha kosa ambalo halipo.

Faida ya kutunga upya haiko kwenye sanaa tu. YouTube imekuwa na mfumo wa kutambua nyimbo za watu wengine tangu mwaka 2007, na video ya kombo iliyowekewa wimbo maarufu huweza kunyamazishwa au kuzuiwa, kazi ya miezi ikapotea. Wimbo mpya hauna mdai mwingine. Picha na wahusika hubaki mali ya kampuni ya gemu, lakini muziki ni wa mtunzi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, inaulinda. Anaweza kuutenga na picha, kuutoa kama kazi inayojitegemea, na kuuandikisha COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, kwa jina lake.