Mashine Kubwa Haijui Udongo Wako

Kaka yangu hufyatua matofali ya udongo na saruji nyuma ya nyumba yake Ngoingwa, Thika. Kwa miaka minne alitumia mashine ya mkono. Mwaka jana alipata kazi ya nyumba za kupangisha Ruiru, akanunua ya haidroliki iliyokwisha kutumika, yenye injini ya dizeli. Wiki ya kwanza alitoa matofali mengi kuliko aliyozoea kutoa kwa wiki mbili. Wiki ya tatu tukahesabu zaidi ya mia sita yenye nyufa, mengi kwenye kona. Alitaka kuirudisha mashine. Nilikaa naye siku kadhaa tukitafuta chanzo, na ninaandika tulichokiona kwa sababu wengi kuanzia Githurai hadi Makongeni wanapanga kuhama vivyo hivyo.

Mashine ya mkono ni kifaa chepesi kukielewa. Ina kalibu ya chuma, kifuniko, bamba la chini linalopanda na kushuka, na mkono mrefu wa kuvutia. Unatia udongo, unafunga kifuniko, unauvuta mkono, na bamba linapanda likiubana udongo. Kisha unafungua kifuniko, unaurudisha mkono upande wa pili, tofali linachomoza. Chimbuko lake ni Bogotá, Colombia, ambako mhandisi Raúl Ramírez kutoka Chile aliunda mashine ya CINVA-Ram katika miaka ya 1950. Kwetu Kenya mashine za aina hiyo zilisambazwa na ApproTEC, shirika lililoanzishwa mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon, ambalo leo linaitwa KickStart. Nguvu ya mashine ya mkono ni kama kilo 20 kwa kila sentimita ya mraba, na kikundi kilichozoea hutoa matofali 300 hadi 500 kwa siku. Ya haidroliki hubana mara mbili hadi mara tano ya hapo, na kwa siku hupita elfu moja.

Mtu atauliza kwa nini tujisumbue na udongo ilhali mawe ya kuchonga ya Ndarugu yako hapo Juja. Mawe yale ni mazuri, nami nimejengea. Lakini jiwe hununuliwa na kubebwa. Udongo unaochimbwa kwa ajili ya shimo la choo na msingi tayari uko kwenye ploti, na tofali hili halichomwi, kwa hiyo halitaki kuni. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012 nyumba za kupangisha zimeota pande zote, na mwenye ploti anayehesabu kila shilingi ana sababu ya kuutazama udongo wake upya.

Ila udongo si mmoja. Upande wa Gatundu na Ngoingwa ni mwekundu. Ukivuka kuelekea Juja Farm unakuta ule mweusi wa pamba, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Huo mweusi usiufyatue kabisa. Mwekundu nao una mfinyanzi mwingi, na mara nyingi unahitaji mchanga au vumbi la mawe. Murram ndiyo huleta tabu ndogo zaidi.

Sasa nyufa zile zilitoka wapi? Tulianza na mashine, tukaikuta nzima. Tukaenda kwenye udongo. Kwa miaka yote minne kaka alikuwa akichimba murram ya shimo moja, akichanganya debe moja la saruji kwa madebe 18 ya udongo. Kipimo hicho alikizoea hata akasahau kilitoka wapi. Kazi ya Ruiru ilipoanza, shimo lile lilikuwa limekwisha, akaletewa lori la udongo mwekundu. Akaendelea na moja kwa 18.

Tulitengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, tukapaka oili ndani, tukajaza udongo uliolowa vizuri, tukauacha juani siku tatu. Ukikauka unausukuma wote upande mmoja na kupima pengo lililobaki. Pengo lisipozidi milimita 15, moja kwa 18 inatosha. Kati ya 15 na 30 ni moja kwa 16, kati ya 30 na 45 ni moja kwa 14, na hadi 60 ni moja kwa 12. Murram ya zamani, ambayo mabaki yake yalikuwa bado uani, ilitupa milimita 12. Udongo wa lori ulitupa 38. Kaka alikuwa akiunyima udongo ule saruji tangu siku ya kwanza. Mfuko mmoja wa kilo 50, ambao alizoea kupata nao matofali karibu mia, ulipaswa kutoa kama 75 tu. Badala ya kuongeza saruji yote hiyo, alichanganya vumbi la mawe la Juja, sehemu moja kwa tatu za udongo, na pengo likashuka hadi 21.

Hiyo ilikuwa nusu ya kosa, na nusu iliyobaki ndiyo inayonisumbua zaidi kwa sababu ilizaliwa na mashine yenyewe. Mashine ya mkono ilipokuwa ikifanya kazi, kibarua alichanganya wilibaro mbili tatu, zikaisha, akachanganya nyingine. Mashine mpya ilikuwa inamsubiri. Ili asionekane mzembe akawa anachanganya lundo kubwa asubuhi na kulirudia kwa maji kila lilipokauka. Saruji ikishaguswa na maji huanza kushika. Mchanganyiko unapaswa kwisha ndani ya dakika 45 hivi, na maji ya pili hayairudishi saruji nyuma. Matofali ya mwisho wa lundo yalikuwa yakivunjika kwa vidole. Dawa ilikuwa mtu wa pili wa kuchanganya, malundo madogo, na turubai la kukinga jua.

Unyevu hupimwa kwa kiganja. Finyanga donge, liangushe kutoka usawa wa kifua kwenye ardhi ngumu. Likigawanyika vipande vinne au vitano, uko sawa. Likibaki donge moja lililobonyea, maji yamezidi. Likitawanyika kama unga, yamepungua. Na kwa kuwa debe la udongo mkavu na debe la udongo mbichi hayalingani kwa uzito, weka mizani karibu. Tofali la sentimita 29 kwa 14 kwa 10 likitoka kwenye kalibu lina uzito wa kilo 8 hivi. Pima moja katika kila ishirini. Uzito ukianza kuyumba, simamisha kazi na utafute sababu.

Utunzaji ni jambo la kila jioni. Kwangua kalibu yote kabla udongo haujakauka, kisha ipake oili chafu kwa brashi. Tia grisi kwenye pini na bushi, kwa kuwa huko ndiko mashine ya mkono hulegea kwanza. Usiurefushe mkono kwa bomba ili uvute kwa wepesi, maana pini itapinda. Kuta za kalibu huliwa na changarawe, na huliwa upande mmoja zaidi. Kwa matofali ya kufungamana, yasiyotiwa saruji katikati, upande mmoja ukizidi milimita 1 tu, kwenye kozi ya ishirini tofauti ni milimita 20 na ukuta umeshainama. Chukua kipande cha bati kilichokatwa kwa kipimo kamili, pima kona nne za tofali la kwanza kila asubuhi. Kwenye ya haidroliki ongeza filta, hozi na kiwango cha oili, na usiruhusu mtu akaze vali ya shinikizo kwa kusikiliza injini. Asome geji. Mkono uliovunjika, fundi wa kuchomelea Thika ataushona mchana huo huo. Sili ya pampu ikipasuka, kazi inalala mpaka ipatikane.

Matofali yakishatoka yafunikwe kwa nailoni na kumwagiwa maji siku saba, halafu yasubiri hadi siku ya 28 kabla ya kujengea. Kenya ina kiwango chake cha matofali haya tangu mwaka 1993, KS 02-1070, na mwenye nyumba ana haki ya kumuuliza fundi kama yaliyoletwa yamepimwa.

Kaka hakuirudisha mashine. Nyumba ya kwanza Ruiru imefika usawa wa linta. Wewe unayetaka kuhama kutoka mkono kwenda haidroliki, sanduku lile ni mbao tatu na vibao viwili vya mwisho. Litengeneze na upime udongo wako kabla hujalipa amana.