Kifungo, Mvutano na Ushirika

Baadhi ya waelezao kemia kwa Kiswahili hutumia neno moja, kifungo, kwa kila namna ya atomi kushikamana. Neno ni jepesi kutamkwa, lakini lina kasoro ya maana. Kifungo cha nguo hushika pande mbili, wala hakishiki ya tatu. Basi msomaji hudhani kwamba kila atomi imefungwa na mwenziwe mmoja tu.

Tutazame chumvi ya chakula. Husemwa ya kwamba sodiamu huipa klorini elektroni moja, na kwamba huko kupeana ndiko kifungo. Sivyo. Kupeana huzaa ioni, moja yenye chaji chanya na nyingine yenye chaji hasi. Kinachozishika ni mvutano wa chaji hizo, nao hauchagui upande. Mwaka 1913 W. L. Bragg alionyesha kwa eksirei kwamba ndani ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na sita za klorini, na kila ya klorini na sita za sodiamu. Hamna humo molekuli ya chumvi. Hata hivyo, mwaka 1927 mwanakemia Henry Armstrong alikuwa bado akiukejeli mpangilio huo katika jarida la Nature.

Maji yana habari nyingine. Humo kila atomi ya haidrojeni ina jozi ya elektroni kwa shirika na oksijeni, kwa jinsi alivyoeleza Gilbert Lewis mwaka 1916, na ushirika huo una wenyewe maalumu. Lakini baina ya molekuli na molekuli upo mvutano mwingine, ulio dhaifu zaidi, uitwao wa haidrojeni. Mwalimu asemapo kwamba maji yakichemka vifungo hukatika, ni vipi hivyo? Kama ungekatika ushirika wa ndani, sufuria ingetoa haidrojeni na oksijeni, wala si mvuke. Kikatikacho ni mvutano wa nje. Neno moja limeficha mambo mawili, na mwanafunzi hukosea kwa sababu ya lugha.

Yafaa basi jina la jumla liwe muungano, na chini yake tutenge mvutano wa ioni na ushirika wa elektroni. Wala tusijenge ukuta kati yao. Vipimo alivyotoa Linus Pauling mwaka 1932 vyaonyesha kuwa haidrojeni na klorini, ingawa hushirikiana, klorini huivutia jozi kwake zaidi. Istilahi njema hupambanua, lakini haikatai daraja za kati.