Kutoka W204 Hadi W205: Usanifu Mpya wa C-Class na Hukumu ya Naguru

Sedani ndogo ya kifahari, yaani gari la milango minne ambalo buti yake imetengwa na chumba cha abiria, fupi kuliko magari ya mawaziri lakini lililojengwa kwa ufundi unaokaribiana na wa magari hayo, huhukumiwa mara mbili. Hukumu ya kwanza hutolewa wiki ya uzinduzi, nayo huwa ni ya macho zaidi kuliko ya kitu kingine chochote, kwa kuwa wapenzi wa magari hutazama mstari wa paa, umbo la taa na upana wa skrini, kisha wakagawanyika pande mbili kabla hata ya mmoja wao kuligusa gari lenyewe. Hukumu ya pili hutolewa miaka mingi baadaye katika miji inayoyapokea magari hayo yakiwa yamekwisha kutumika, ambako mwenye gari na fundi wake hukuta yale ambayo picha za uzinduzi hazikuonyesha. Uchambuzi huu unahusu hukumu hiyo ya pili, na gari linalochambuliwa ni Mercedes-Benz C-Class ya kizazi kinachotambulishwa kwa namba W205, ambacho kilionyeshwa Detroit mwezi Januari 2014 na kuchukua nafasi ya W204 iliyokuwa sokoni tangu mwaka 2007.

Naguru ni mahali panapofaa kuisomea hukumu hiyo. Kilima hicho cha mashariki mwa Kampala, penye makao makuu ya polisi na hospitali ya serikali, kina nyumba za watu wenye kipato cha kuweza kumiliki gari la aina hii, na papo hapo kinapakana na Nakawa, ambako kuna bondi nyingi za magari, yaani yadi ambamo magari yaliyoagizwa huhifadhiwa kabla ya kulipiwa ushuru, na ambako ndiko makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) yalipo. Gari lililotumika Japani hushushwa bandarini Mombasa, hupitia mpaka wa Malaba au Busia, kisha hufika bondi likisubiri mnunuzi. Kenya imeweka kikomo cha umri wa miaka 8 kwa magari yanayoingizwa nchini humo, ilhali sheria ya Uganda iliyoanza kutumika mwaka 2018 inalizuia gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, na tofauti hiyo ya miaka 7 ndiyo inayoufanya mjadala wa Kampala uwe na tabia yake. W204 za mwaka wa kwanza zilifungiwa mlango mwaka 2022, na W205 za mwaka wa kwanza zitafungiwa mwaka 2029, kwa hiyo gari ambalo Ulaya limekwisha kuachiwa wanafunzi wa udereva, Naguru bado linaitwa jipya, na hakuna ajabu katika hilo.

Safari ya magari haya ina kituo kimoja ambacho wengi hukisahau. C-Class nyingi zenye usukani wa kulia zilizouzwa Japani hazikutengenezwa Ujerumani, bali katika kiwanda cha Mercedes-Benz cha East London, Afrika Kusini, jambo linaloweza kuthibitishwa kwa kutazama namba ya chasisi, ambayo herufi yake ya kumi na moja huwa R. Gari la namna hiyo liliondoka Afrika likiwa jipya, likazungushwa katika mitaa ya Tokyo au Nagoya, kisha likarudi Afrika kwa bei ya chini, na mnunuzi wa Nakawa anayelisifu kwa kuwa "la Japani" huwa anasifu utunzaji wa mwenye gari wa kwanza kuliko mahali lilipoundwa.

Mabadiliko ya W205 yalianza kwenye mwili. Urefu uliongezeka kwa milimita 95, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma uliongezeka kwa milimita 80 hadi kufikia 2,840, ongezeko lililowanufaisha zaidi abiria wa nyuma. Wabunifu waliipa C-Class boneti ndefu, kiuno cha mbavuni kinachoshuka kuelekea nyuma na paa linaloteremka polepole, kiasi cha kulifanya gari lionekane kama S-Class iliyopunguzwa vipimo, na mfanano huo ndio uliopokewa kwa furaha kuliko kitu kingine, kwa sababu mtu aliyenunua gari la daraja la chini alipata sura ya lile la juu. Lawama ilielekezwa kwenye skrini iliyosimamishwa juu ya dashibodi kana kwamba imebandikwa baada ya kazi kwisha. Lawama hiyo ni ya haki, ingawa ni nyepesi, maana skrini haijawahi kumzuia mtu kufika kazini.

Jambo zito zaidi lilikuwa chini ya rangi. Katika W204 alumini haikufika asilimia 10 ya umbo la gari, lakini katika W205 ilikaribia asilimia 50, na boneti, fenda za mbele, milango, paa na kifuniko cha buti vyote vikatengenezwa kwa madini hayo mepesi, hatua iliyosaidia gari lililokua kwa vipimo kupungua uzito kwa hadi kilo 100. Wahandisi walipongezwa, na walistahili. Hata hivyo, alumini haina tabia za chuma: hainyooki kwa nyundo na moto kama chuma kinavyonyooka, huhitaji mashine tofauti ya kuchomelea, na ikigusana moja kwa moja na chuma mahali penye unyevu huanza kuliwa. Fundi wa bodi aliyezoea kunyoosha fenda, kuipaka puti na kuirudishia rangi kwa siku moja hujikuta akitafuta fenda nzima, na bei ya ajali ndogo ya bodaboda kwenye foleni ya Jinja Road hupanda ghafla.

Katika suala la injini, maoni ya Kampala yanapaswa kutofautiana na ya Ulaya, na sababu yake ni ya kifizikia. W204 iliuzwa pia na injini za silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, kwa mfano C230 ya lita 2.5 yenye nguvu za farasi 204, ambayo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe bila kusukumiwa na chombo chochote. W205 ya kawaida, C200, ilikuja na injini ya silinda nne ya lita 2.0 yenye nguvu 184, ikisaidiwa na tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi unaotoka ili kuishindilia hewa inayoingia. Waliozoea sauti tamu ya silinda sita walilalamika kwamba wamepunjwa. Lakini Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa asilimia 13 hivi likilinganishwa na la Mombasa, na injini inayovuta kwa pumzi yake hupoteza nguvu kwa kadiri iyo hiyo, ilhali tabo huongeza kasi yake na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Isitoshe, torki, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu ambayo dereva huihisi gari linapovuta, ni newtonmita 300 katika C200 kuanzia mizunguko 1,200 tu kwa dakika, wakati C230 hutoa 245 na huanza kuzitoa mizunguko ikifika 2,900. Katika kupanda kilima cha Naguru nyuma ya matatu inayosimama kila baada ya hatua chache, mizunguko hiyo ya chini ndiyo inayotumika, na anayeililia silinda sita hapo anaililia sauti yake.

Malalamiko yenye msingi kuhusu injini yanatoka kwingine. C180 na C200 za W204 zilitumia injini ya familia ya M271, iliyokuwa kwanza na kompresa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe, na baadaye tabo, na injini hiyo ilijipatia jina baya kwa sababu ya cheni ya taimingi, ile inayouunganisha mzunguko wa pistoni na ufunguaji wa vali. Cheni hiyo nyembamba hurefuka kadiri inavyotumika, na meno ya gia zinazoishika hulika, mpaka siku moja asubuhi injini inapowashwa ikiwa baridi husikika mkwaruzo wa sekunde chache ambao mafundi wameufahamu vizuri mno. Pamoja na hilo, sumaku zinazorekebisha mhimili wa vali huvuja oili, na oili hiyo hupenya ndani ya nyaya na kusafiri taratibu hadi kwenye kompyuta ya injini. Kwa sababu hiyo W205, iliyotumia injini mpya ya familia ya M274, ilipokewa kwanza kwa mashaka ya mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka, ingawa mashaka hayo yalikuwa yakiihukumu injini mpya kwa makosa ya iliyotangulia.

Kuhusu matairi na mihimili, maelezo yanaweza kuwa mafupi. W205 ilipewa mfumo wa mbele wenye vipande vinne vya kulishika kila gurudumu, uliochukua nafasi ya ule wa W204 ambamo shokabsoba yenyewe ilifanya pia kazi ya kulielekeza gurudumu, na usukani ukawa mwepesi na wenye usahihi zaidi. Kila kipande kina mpira wake na kiungo chake, na barabara yenye mashimo huvila vyote bila upendeleo. Baadhi ya magari yaliwekewa mfumo wa kubebwa na hewa uitwao Airmatic, ambao ulikuwa haujawahi kuwekwa katika magari ya kundi hili, na mengi yaliyotoka Japani yalifungwa matairi yanayoweza kutembea hata yakiwa hayana upepo, hivyo hayana tairi la akiba. Tairi la aina hiyo lina kuta ngumu, na ugumu huo humfikia abiria kwenye kila tuta.

Sehemu ambayo hukumu ya Naguru inatofautiana kabisa na ya siku ya uzinduzi ni ya kompyuta, na hapa ndipo penye kiini cha mabadiliko yote. Gari la W205 linaposhushwa, mara nyingi maandishi ya skrini yake ni ya Kijapani, ramani zake ni za Japani, na redio yake imepangwa kwa masafa ya Japani, ambayo kwa kawaida huanzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati stesheni za Kampala huenea hadi 108. Kero hizo hutatuliwa na fundi mwenye kompyuta na ujuzi wa kuandika upya mipangilio, na katika muda wa miaka michache kazi hiyo imekuwa taaluma ya kujitegemea. Tatizo lisilotatulika kirahisi ni ulinzi dhidi ya wizi. Katika kizazi hiki, ufunguo, kompyuta ya injini na ya gia boksi vilifungamanishwa na gari moja kwa alama za siri zinazotunzwa na mtengenezaji, na kipande kilichotolewa katika gari jingine hukataa kufanya kazi mpaka kiidhinishwe kutoka Ujerumani kupitia mtandao wa mawakala.

Athari yake kwa uchumi wa ufundi ni kubwa kuliko ya alumini. Katika Soko la Kisekka, ambako kwa miongo mingi vipuri vilivyotumika vimekuwa vikiyarudishia uhai magari ya Kampala, thamani ya kipuri ilitokana na uzima wake: kikiwa kizima, kinafungwa, na gari linaondoka. Kompyuta ya gia boksi ya W205 inaweza kuwa nzima kabisa na bado isiwe na thamani mezani, kwa kuwa kinachokosekana ni ruhusa. Wapo wataalamu wanaotafuta njia za kuzunguka kufuli hizo, wengine wakifanikiwa, lakini kazi iliyokuwa ya spana imekuwa ya kuomba idhini, na mmiliki anayesifu jinsi gari lilivyotulia barabarani huligundua hilo siku gari linapokataa kuwaka. Kwa maoni ya mwandishi wa uchambuzi huu, badiliko hilo lilistahili kujadiliwa mwaka 2014 kuliko skrini, na halikujadiliwa kwa sababu wanunuzi wa kwanza walikuwa na waranti.

Marekebisho ya mwaka 2018 yaliendeleza mwelekeo uleule. Kampuni ilitangaza kwamba vipande takriban 6,500 vilibadilishwa, zaidi ya nusu ya gari zima, na C200 ikapewa injini ya lita 1.5 pamoja na mota ndogo ya umeme wa volti 48 inayosaidia kuliondoa gari linapoanza mwendo. Benzi ya sisi 1,500 ilichekwa sana na watu waliozoea kupima heshima kwa ukubwa wa injini, japokuwa nguvu zake zilibaki 184, na mota iliongeza nyingine 14 kwa muda mfupi.

Kizazi kilichofuata, W206, kilichozinduliwa mwezi Februari 2021, kiliacha kabisa silinda sita na nane. Pigo lililoumiza zaidi lilikuja mwaka 2022, pale C63, ambayo katika W204 ilikuwa na injini ya lita 6.2 ya silinda nane, ilipotolewa na injini ya lita 2.0 ikisaidiwa na mota ya umeme kwenye ekseli ya nyuma, ikiwa na jumla ya nguvu 680 na uzito unaozidi tani mbili. Wapenzi wengi waliipinga duniani kote licha ya nguvu hizo. Kwa mkazi wa Naguru, kifaa cha kuangaliwa zaidi katika W206 ni cha hiari na hakizungumzwi sana: magurudumu ya nyuma yanayopinda hadi nyuzi 2.5 kinyume na ya mbele gari likiwa katika mwendo wa polepole, na kulipunguzia duara la kugeukia kwa sentimita 43 hadi kufikia mita 10.64, tofauti inayotosha kumwezesha dereva kugeuza kwa mara moja katika vichochoro vya mteremkoni ambako W205 hulazimika kurudi nyuma. Kwa kuwa kifaa hicho hulipiwa zaidi, mnunuzi atakayelichunguza gari la aina hiyo bondini itambidi ayatazame magurudumu ya nyuma usukani unapozungushwa, kabla ya kuyaamini maandishi ya kwenye kioo.