Kong anakula nini?

Juzi niliangalia tena ile filme ya zamani, King Kong, ya Merian C. Cooper na Ernest B. Schoedsack, iliyotoka Marekani mwaka 1933. Wengi tunaijua hata bila kuiona: gorila mukubwa ajabu anapanda Empire State Building, ndege zinamupiga risasi, anaanguka.

Nianze na sifa. Kong ni kazi ya Willis O'Brien: sanamu za sentimeta 45 hivi, zinasogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Na bado, ukimuona anakufa, roho inauma. Huyo alikuwa fundi kweli.

Lakini mimi nilisoma kilimo, na swali langu la kwanza kwa kila nyama ni moja: anakula nini? Filme haijibu. Kong hana jike, hana mutoto, hana fasi ya kuchuma majani. Yeye ni mukubwa tu, bila sababu, na ukubwa haumugharimu kitu.

Katika maisha ya kweli, ukubwa uko na hesabu yake. Gorila mukubwa kuliko wote ni wetu: gorila wa Grauer, anayeishi mashariki ya Kongo tu, Kahuzi-Biega na misitu mingine ya huku. Dume anaweza kufika kilo 200 na zaidi, jike karibu nusu yake. Juu ya nini? Kwanza, tumbo. Majani na mashina yana nguvu kidogo, yanadai tumbo kubwa ambamo chakula kinakaa muda mrefu mikrobi zikikivunja. Tena nyama mukubwa, kwa kila kilo ya mwili, anatumia nguvu kidogo kuliko mudogo. Njo maana ng'ombe anaishi na majani, lakini kuku anadai mahindi na soya. Pili, ushindani: dume mwenye nguvu anashinda wenzake, anabaki na majike, na watoto wanarithi mwili wake.

Halafu kuna mpaka. Galileo aliieleza mwaka 1638: mifupa haiwezi kufuata uzito. Ukizidisha urefu mara 3 bila kubadilisha umbo, uzito unapanda mara 27, lakini nguvu ya mfupa mara 9 tu. Kong angekuwa na kilo za tembo. Na nani ameshaona tembo akipanda etaje?

Mutu atasema: hii ni hadithi, acha hesabu. Sawa, sungura wetu pia anaongea. Kosa la Kong haliko kwenye kilo. Cooper alipokuwa mutoto alisoma buku la Paul Du Chaillu la 1861, lenye kuonyesha gorila wa Gabon kama nyama wa kutisha, na woga ule ukafika mpaka kwenye filme. Ukubwa ukawa hatari kwa watu.

Kumbe ni hatari kwa nyama mwenyewe. Jike wa gorila anazaa mara ya kwanza akiwa na miaka 10 hivi, mutoto moja, kisha anangoja karibu miaka 4. Ukipoteza kuku 100, mwaka unaofuata unaweza kuwapata tena. Gorila haiwezekani. Katika sehemu ya milimani ya Kahuzi-Biega, hesabu ya 1996 ilikuta karibu 250. Ile ya 2000, baada ya vita na uwindaji, ilikuta karibu 130. Miaka minne, nusu imekwisha.

Mwisho wa filme, yule aliyemufunga Kong minyororo na kumuuzia tiketi anatupa kosa kwa uzuri wa mwanamuke, na hakuna anayemubisha. Hapo njo filme inaniudhi. Iangalieni, ni nzuri. Lakini ikifika pale, muulize ile ambayo hawakuuliza: nani alimutoa kwake, na nani alikula zile feza?